Sebahire Kwenye Foleni ya Mjini

Kila aliyezaliwa, aliyeoa au aliyezikwa katika milima iliyo juu ya ziwa, upande wa Nyamyumba, alipitia mikononi mwa Valentin Sebahire. Ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe, na haikuwa uongo. Alikuwa karani wa etasivili: yeye ndiye aliyeandika vizazi, ndoa na vifo katika ofisi ndogo ya serikali kilimani, nyumba ya matofali yenye dirisha moja la mbao. Dirisha hilo hakuna mwingine aliyelifungua wala kulifunga ila yeye.

Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye koti la kahawia na tai aliyoifunga hata siku za matope. Harusini aliwekewa kiti cha mbele na kufunguliwa chupa ya kwanza. Watu walimwita Shefu. Mwaka 1994 alikimbilia Goma, ng'ambo ya mpaka, na wengine wote, akaishi kambini, akarudi mwishoni mwa 1996 umati uliporudi. Kwa kuwa waliojua kazi walikuwa wamebaki wachache, alirudishwa kwenye meza yake ileile. Vita vya wacengezi, wapiganaji waliojipenyeza kutoka ng'ambo, vilipopamba moto milimani na ofisi kufungwa mara kwa mara, alificha muhuri wa serikali ndani ya gunia la maharage nyumbani kwake. Hadithi hiyo aliipenda sana. Njiani, mtu akijisogeza pembeni ili yeye apite, Sebahire aliona heshima.

Mkewe, Nyirarukundo, alikulia Goma, na Kiswahili cha nyumba yao kilikuwa kile cha mpakani. Alinunua sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kwa wavuvi asubuhi, akawabeba kwa beseni kichwani hadi ng'ambo, akarudi jioni. Binti yao pekee, Kamikazi, alikuwa ameshaolewa Kanzenze.

Mapema mwaka 1999, barabara zilipotulia, mabadiliko yalifika. Ofisi tatu ndogo zingefungwa na kazi zao kukusanywa katika nyumba moja mjini Gisenyi. Aliyetumwa kuwaeleza watu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, Gatesi, aliyezaliwa na kusomea Tanzania. Alisimama kwenye majani mbele ya ofisi ya kilimani, askari wawili wakiwa nyuma yake, akasema kwa Kiswahili laini ambacho wazee walikifuata kwa kuinamisha masikio.

"Ndugu zangu, leo mtu akitaka karatasi moja anatumwa hapa, kisha kule, kisha kwingine. Nyumba tatu, mapaa matatu yanayovuja, na bado mnarudishwa. Tukikaa chini ya paa moja, atakayekuja asubuhi ataondoka na karatasi yake siku hiyohiyo. Na fedha zitakazookolewa zitamlipa muuguzi wa zahanati yenu."

Mzee mmoja aliinua fimbo. "Na siye ba miguu mibovu?"

Gatesi alimgeukia. "Hilo sijalipatia jibu, Mzee. Sitaki kukudanganya. Nitalifikiria."

Watu wakapiga makofi. Sebahire alikuwa amesimama karibu na dirisha lake, mikono nyuma, akingoja mtu aseme: na Shefu wetu je? Hakuna aliyesema. Wakatawanyika kwenda kulima. Alijiambia kwamba wameogopa askari.

Gatesi akamwendea. "Mzee Sebahire, nafasi za karani zimeenda kwa vijana waliosomea mashine. Lakini nahitaji mtu wa mlangoni, wa kupokea watu na kuwaelekeza. Wewe unawajua wote."

"Madame," alisema Sebahire, "mi nilifungisha batu ndoa. Leo nikuwe planton, mutu wa kutumwa chai?"

"Si kutumwa chai, Mzee. Ni kupokea watu."

"Njo planton, hiyo," akajibu. Akavua ufunguo kwenye mnyororo wake, akauweka mkononi mwa yule mwanamke bila kumtazama, akaondoka.

Zilizofuata zilikuwa wiki mbaya. Majirani walipouliza, alisema yuko konje, likizo tu. Kanisani aliacha benchi lake la mbele, akawa anakaa nyuma ya nguzo. Aliacha barabara kuu, akapita njia ya chini inayofuata ziwa, ili asikutane na mtu wa kumwita Shefu, au, jambo lililomtisha zaidi, mtu ambaye angeacha kumwita Shefu. Nyumba sasa iliishi kwa beseni la Nyirarukundo.

"Papa Kamikazi," mkewe alimwambia asubuhi moja, "leo samaki ni mingi. Nisaidie kubeba mpaka mjini tu."

"Batu bataniona na beseni?"

"Batu bananiona mi kila siku."

Sebahire akaingia ndani. Nyirarukundo akakunja ngata, akainua mzigo wake mwenyewe, akaenda.

Ndipo Sebahire akapata wazo, na wazo hilo lilimnyoosha mgongo. Watu wanateseka, aliwaza. Wanatembea hadi mjini, wanalowa, wanakosa wa kuwasemea. Na hawa waliokuja juzi kutoka Tanzania wanajua nini kuhusu milima hii? Angekwenda mwenyewe kwenye hiyo ofisi moja, akae na watu, asikie malalamiko yao, achague wazee watatu au wanne wenye maneno, kisha waende pamoja kwa mkuu wa mkoa kuomba ofisi irudishwe. Wazo likamkaa vizuri. Alijiona amebebwa kurudi kwenye dirisha lake na watu wenyewe.

Alichagua siku ya soko, mvua za Machi zikinyesha. Alivaa koti la mpira lenye kofia, la mkwewe, lililomfunika hadi kwenye nyusi. Alipofika, baraza ya ofisi ilikuwa imejaa, watu wamebanana kwenye mabenchi, wengine wamesimama ukutani. Mwanamume mmoja alijisogeza bila hata kumtazama, akampa nafasi. Sebahire akakaa katikati yao, kofia imeshuka, maji yakimdondoka magotini.

Kulia kwake alikaa mwanamke mwenye kitenge cha kijani, amempakata mtoto wa kiume mwenye kikohozi.

"Mama, umetoka mbali?" Sebahire alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Kule Nyamyumba, karibu na maji ya moto."

"Ayi we! Na hii mvua yote! Ofisi ikirudia kule kilimani, si itakuwa muzuri kwenu?"

Mwanamke aligeuza kichwa haraka. "Kule kwa Sebahire? Oya, hapana, Papa. Heri nitembee."

Aliyempa nafasi akacheka. Alikuwa mvuvi, mikono imechanika kwa nyavu, na wenzake walimwita Ngoga. "Umesema Sebahire? Munamujua ule mutu?" Akasimama, akaweka mikono nyuma, akatoa kidevu mbele, akakohoa kikohozi kifupi, kikavu. "'We wa mwisho pale! Unasukuma nani? Rudi kesho! Na kesho ukikuta dirisha imefungwa, rudi kesho yake!'"

Baraza nzima ikacheka. Mtu alisema kutoka ukutani kwamba kwao walimwita Rudi Kesho, hata watoto walikuwa na mchezo wake. Mwingine akasema yeye alikaa juani akimtazama Shefu akila viazi vyake kimoja kimoja, na alipomaliza, akafunga.

Sebahire hakuwahi kujisikia kama wengine wanavyomsikia. Lakini ile ilikuwa sauti yake. Hata kile kikohozi, ambacho hakujua kama anacho, alikitambua mara moja, na sasa kilikuwa kinamwasha kooni na hakuthubutu kukitoa. Alijaribu kuwaza: wavuvi, walevi tu. Akatazama huku na huku chini ya kofia. Hawakuwa walevi. Wengi alizijua sura zao. Aliwahi kuandika majina yao.

Mwanamke wa kitenge cha kijani hakucheka.

"Mi sikuambiwa rudi kesho," alisema, akimpangusa mtoto pua. "Heri angeniambia ile. Nilimubeba huyu mugongoni, akingali mudogo, tumetoka tu kambini. Akaniuliza jina ya baba. Nikanyamaza. Mi nilijua baba yake. Sikutaka kusema mbele ya batu. Bon, yeye akatoa kichwa inje ya dirisha, akapaza sauti: 'Baba yake nani? Hujui? Nyinyi ba kambini mulikuwa munazaa na upepo?' Batu bote bakacheka." Akatazama mvua. "Nikaenda. Mutoto hana karatasi mpaka leo. Juzi nilikuya hapa kuuliza tu. Ile Madame akanipeleka kando, akafunga mulango, akaniuliza polepole. Leo nakuya kuchukua."

Hakuna aliyecheka tena. Ngoga alikaa.

Sebahire alimkumbuka. Hakuikumbuka sura yake, alikikumbuka kicheko. Maneno yale ya upepo yalikuwa yamempendeza. Alikwenda nayo harusini, akayasimulia akiwa na chupa mkononi, si mara moja, na kila mara wanaume walicheka naye alicheka. Uwamahoro: ndiyo, jina lake lilikuwa Uwamahoro. Naye Sebahire wakati huo alikuwa na miezi michache tu tangu atoke kambi ileile, ambako alilala chini ya turubai na kupanga foleni ya maji na mkebe. Alitaka kuinuka, lakini benchi lilibana na magoti ya watu yalikuwa mbele yake. Mtoto alimwegemea ubavuni, akifikiri ni mtu wa kawaida.

Mlango ukafunguka, Gatesi akatoka kuangalia ni watu wangapi wamebaki. Macho yake yakapita juu ya baraza, yakarudi.

"Mzee Sebahire! Shikamoo! Mbona umekaa huku kwenye foleni na mvua yote hii? Ingia ndani, tafadhali, ninywe chai na wewe."

Alisema kwa heshima tupu, kama alivyolelewa kusalimu wakubwa. Baraza nzima ikamgeukia. Sebahire akavua kofia, kwa kuwa kujificha hakukuwa na maana tena. Ngoga alitazama mikono yake mwenyewe. Uwamahoro alimtazama usoni, moja kwa moja, kisha akamvuta mtoto taratibu kutoka ubavuni mwa yule mtu, akamweka paja la pili.

"Sikuya kwa kazi, Madame," Sebahire alisema. "Nilikuya tu… kukimbia mvua."

Wakampisha. Magoti yote yakarudi nyuma. Alijua sasa kwa nini watu walikuwa wakijisogeza pembeni njiani. Akashuka ngazi, akaingia kwenye mvua bila kuvaa kofia.

Nyirarukundo alirudi jioni, akamkuta amekaa jikoni na nguo zilezile zilizolowa. Alimsimulia yote. Alipofika kwenye maneno ya upepo alishindwa kuyatamka, mkewe akamsaidia.

"Najua," alisema. "Munazaa na upepo. Niliisikia sokoni Mahoko, wiki ileile."

"Ulijua?"

"Ulisimulia mwenyewe hapa, kwa Kimenyi, mukiwa na pombe. Mi nikatoka inje."

"Na hukuniambia kitu!"

"Nilikuambia, Papa Kamikazi. Nilikuambia ile siku, ukasema banamuke ba soko iko na midomo mirefu." Aliweka sufuria motoni. "Mi njo nilikuwa napita mbele ya mulango ya ule mwanamuke kila asubuhi. Nilikuwa naona haya. Nikabadilisha njia."

Hilo lilimuuma kuliko kicheko cha baraza. Alikuwa amejificha wiki chache kwenye njia ya chini. Mkewe alikuwa amejificha miaka miwili, na sababu ilikuwa yeye.

Siku mbili hakutoka ndani. Ya tatu alivaa koti lake la kahawia, akaacha tai, akaenda mjini. Gatesi alimkaribisha kiti. Hakukaa.

"Madame, ile kazi ya mulango. Kama iko, naiomba."

"Ipo. Lakini ulikataa kwa maneno makali."

"Nilikataa. Na unafaa kujua kitu: batu ba kule hawanipendi. Iko haki yao. Uliza wenyewe."

Gatesi alifunga kalamu yake. "Niliwauliza, Mzee, kabla sijakuona. Ndiyo maana sikukupa meza. Nilikuambia habari ya mashine kwa sababu sikujua namna ya kumwambia mtu wa umri wa baba yangu ile sababu nyingine. Ulikuwa woga wangu, nisamehe."

Sebahire alishika ukingo wa mlango. "Donc, juu ya nini ulinipa mulango?"

"Nilidhani ukisimama upande wa watu utasikia wanavyosema."

"Nimesikia," alisema.

Akaanza kazi. Wiki za kwanza watu wa Nyamyumba walimkwepa, wakauliza njia kwa mtu mwingine yeyote, hata kwa askari wa lango. Vijana walikohoa kile kikohozi wakipita. Aliwaelekeza hivyohivyo: cheti cha kuzaliwa mlango huu, kitambulisho mlango ule. Mara moja alikuja babu kutoka Kanzenze, kiziwi, kuandikisha kifo cha mwanawe aliyeuawa wakati wa wacengezi, akawa anaamuru, "Sema na nguvu!" Sebahire hakutaka kupaza jambo hilo mbele ya watu. Alimshika mkono, akampeleka nyuma ya jengo penye mparachichi, akamwuliza huko kwa sauti ya juu, wakiwa wawili tu, kisha akarudi naye akiwa na majibu yote. Karani kijana alimwuliza walikuwa wapi. Alisema tu kwamba mzee alihitaji kupumzika.

Jumapili moja alimwomba Nyirarukundo amsindikize kwa Uwamahoro. Walimkuta nje, anachambua mawe kwenye maharage. Hakuwapa kiti. Njiani Sebahire alikuwa ameyapanga maneno yake vizuri, kama mtu aliyezoea kusoma viapo vya ndoa mbele ya watu, lakini aliposimama pale yalimpotea.

"Nilikukosea," alisema. "Na mutoto. Nilicheka kitu… haikuwa ya kucheka. Na mi nilikuwa kambini pia."

Uwamahoro aliendelea kuchambua. Jiwe dogo likaruka kwenye majani.

"Nimesikia, Papa," alisema mwishowe.

Walingoja kidogo. Uwamahoro akachota maharage mengine. Nyirarukundo akamshika mumewe mkono, wakaaga, wakaondoka.

Kuelekea mwisho wa mwaka Gatesi alilipatia jibu swali la yule mzee wa fimbo. Gari moja lingetumiwa na zahanati na etasivili kwa zamu, na kila Jumatano karani angepanda nalo hadi ofisi ya zamani ya kilimani, kuwahudumia wazee na wagonjwa. Alimwita Sebahire.

"Nimekuona kazini. Nataka uende wewe, ukae mezani."

Zamani angeimba kwa furaha. Sasa alitikisa kichwa. "Mi nitapokea batu. Kuandika, aandike mwengine."

Alitumwa Immy, binti aliyerudi kutoka Uganda, ambaye Kiswahili chake kilichechemea na Kinyarwanda chake kilijaa Kiingereza. Aliandika yeye, ndani. Sebahire alikaa nje barazani pamoja na watu, akiwauliza mmoja mmoja kwa sauti ya chini, kisha akiingia kumweleza Immy. Jumatano ya kwanza walikuja wachache, wazee tu. Baadaye wakaongezeka. Ngoga alimleta mama yake mgongoni, akampitisha mbele ya Sebahire bila kumtazama, na walipotoka na karatasi, akamwitikia kwa kichwa.

Uwamahoro hakuja kilimani hata mara moja, ingawa kwake palikuwa karibu. Alikuwa na shughuli za karatasi miezi ile: mama yake alifariki, na kulikuwa na shamba la kugawana na ndugu zake. Kwa hayo yote alikwenda mjini kwa miguu, na alikwenda Jumatano, siku ambayo mlangoni kule hakukuwa na Sebahire. Yeye, akiwa barazani juu, alikiona kile kitenge cha kijani kikipita kwenye barabara ya chini kuelekea Gisenyi. Hakumwita. Aligeukia watu wake, akauliza nani anafuata.